Jiko Lisizimwe

Jumatatu, 20 Januari

Jiko limepanda tena. Asubuhi kabla ya shule mstari wake kwenye kompyuta ulikuwa umenyooka, kama umechorwa kwa rula. Nimerudi, sijavua hata koti, nimefungua kompyuta: unapanda kama mtu aliyechelewa treni. Utapanda hivyo jioni nzima, utatulia wakati nalala. Kesho hivyo hivyo. Wiki ya pili sasa.

Nimekagua nyaya zote. Nimelehemu upya kiungo ambacho hakikuwa na shida yoyote. Nimejiunguza kidole. Nimekula mkate wima, nikizunguka meza.

Niandike kwa utaratibu, kichwa kinaruka mno.

Jiko ni kisanduku cha bati kinachoenea kiganjani. Ndani mna kipande cha fuwele kinachotetemeka mara milioni kumi kwa sekunde, na kipasha-joto kidogo cha umeme cha kukilinda na baridi. Klabuni wanakiita le four. Mimi nakiita Jiko. Zamani lilikaa kwenye mnara wa simu. Mitambo ikabadilishwa, majiko yakatupwa, na Monsieur Lucien wa klabu ya redio akanichagulia moja kwenye boksi lake la vyuma chakavu, kwa bei ya sandwichi. Wenye pesa wana saa za atomu. Mimi nina Jiko, na Mashine ya kuhesabu masafa niliyoikuta gulioni. Mashine ina umri kumzidi mama.

Jiko ndilo linaloiambia Mashine sekunde ina urefu gani. Jiko likidanganya, Mashine inadanganya, na mimi naandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Kitu kimoja tu linataka: lisizimwe. Likizimwa linaanza upya, kama mtoto aliyeamshwa. Sijalizima tangu Krismasi.

Basi kwa nini linapanda?

Jumanne, 21 Januari

Ni jua. Lazima ni jua. Dirisha langu linatazama kusini, nikiwa shule jua linaingia, linapasha kisanduku.

Nimetundika kanga ya mama dirishani.

Baadaye: limepanda. Halafu leo hapakuwa na jua. Brussels, Januari, jua gani? Mjinga mimi.

Jumatano, 22 Januari

Mguu wangu wa kushoto hautulii. Darasani leo meza ilikuwa inatikisika na mwalimu wa fizikia akasema mbele ya wote kwamba kuna tetemeko la ardhi upande wa Neema. Wote wakageuka. Nilitaka niingie kwenye mkoba wa kalamu nijifunge zipu.

Nilikuwa najua jibu la swali lake. Najua majibu mengi. Yanakaa kooni. Morogoro nilikuwa hivyo hivyo, msije mkasema ni Kifaransa. Nimesoma mpaka darasa la saba kwa Kiswahili na sikuwahi kunyoosha mkono. Halafu nikaja huku nikasoma kwa Kifaransa, na sijanyoosha mkono. Lugha mbili, kimya kimoja.

Nimeandika "msije mkasema". Nani hao? Hakuna anayesoma hapa.

Ijumaa, 24 Januari

Klabu. Chumba cha chini ya ardhi huko Auderghem, harufu ya kahawa na risasi ya kulehemia. Naenda tangu Septemba. Nimeshasema: bonsoir, merci, na siku moja pardon, nilipomkanyaga mtu.

Leo Monsieur Lucien ametangaza shindano la kupima. Jumapili ya tarehe 9 Februari atarusha mlio mmoja hewani, kwa masafa anayoyajua yeye peke yake. Kila mtu anapima akiwa kwake. Ijumaa inayofuata tunakutana, kila mmoja anasimama, anasoma namba yake, halafu anasema kosa lake limetoka wapi. Ndiyo desturi yao. Huruhusiwi kutuma karatasi, huruhusiwi kusomewa. Na huruhusiwi kusema huna kosa. Monsieur Lucien amesema mwaka fulani bwana mmoja alisimama akasema yake haina kosa, wakamnyima kahawa.

Wim, mwanafunzi wa chuo, mwenye saa ya atomu ya mtumba anayoitaja kila baada ya dakika, akanigeukia, akaniita bubu mdogo: "Et toi, la petite muette? Siku hiyo utaongea, hein?" Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mashavu yangu yakawaka kuliko Jiko.

Nikachukua kalamu nikajiandikisha.

Sijui nani alishika ile kalamu.

Hesabu yangu ni hii: namba ikiwa nzuri, sentensi itakuwa fupi. "Kosa dogo, kutoka kwenye kebo. Merci." Nakaa. Namba ikiwa mbaya nitalazimika kueleza, na kueleza siwezi. Kwa hiyo Jiko lazima litulie kabla ya tarehe 9. Hakuna njia nyingine.

Jumamosi, 25 Januari

Nyumba imejaa. Mama hana zamu, anapika ugali na kuimba. Papa Ilunga anatazama mpira.

Papa Ilunga ni mume wa mama. Wa Lubumbashi. Anaendesha basi. Tumehamia kwake mwaka jana, ghorofa ya tatu, Chaussée de Wavre, juu ya duka la vitenge. Mtu mkubwa, anatembea polepole, kama anaogopa kuvunja sakafu. Hajawahi kunikosea. Hajawahi hata kuingia chumbani kwangu. Na mimi sijawahi kumwita kwa jina lolote. Naanza sentensi katikati. "Chumvi, tafadhali." "Mama anakuita."

Tatizo lingine: Kiswahili. Chake ni cha kwao, batu, bintu, kuko, na Kifaransa kimechomekwa kila mahali. Changu ni cha darasani Morogoro. Nikiongea najisikia kama namsahihisha. Kwa hiyo naongea kidogo. Halafu anadhani naringa. Labda. Sijui anadhani nini.

Ana kawaida moja inayomchekesha mama. Akitoka kwenda kazini, anachomoa kila kitu. Televisheni, birika, mikrowevu, taa ya sebuleni. Friji tu inapona. Mama anamwambia, "Baba nanii, hapa umeme haukatiki." Yeye: "Courant ni courant."

Jumapili, 26 Januari

Nadharia mpya: baridi kutoka ukutani. Nahitaji povu gumu jeupe, lile linalokuja na friji mpya, nilijengee Jiko nyumba. Nimezunguka mtaani nikichungulia mirundo ya maboksi, kofia nimeishusha mpaka machoni. Nimepata vipande viwili vyenye harufu ya samaki.

Jumatatu, 27 Januari

Nimeamka, nje ya mlango wangu kuna kipande kikubwa cha povu, kisafi, kimeegemezwa ukutani. Hakuna maelezo. Mama anasema si yeye.

Sikusema asante. Nilikutana na Papa Ilunga jikoni, nikafungua mdomo, nikachukua kijiko, nikatoka.

Nimelijengea Jiko nyumba. Nzuri sana. Limekaa kama yai.

Jioni: linapanda.

Nimepiga teke kitanda. Kitanda kimeshinda.

Alhamisi, 30 Januari

Walimu wamegoma. Mama alijua, akaenda kazini mapema. Nikabaki kitandani, blanketi mpaka kichwani, nasikiliza redio ndogo kwa sikio moja.

Mlango ukafunguliwa. Bila hodi, maana alidhani hakuna mtu.

Papa Ilunga, amevaa sare ya kazi. Akavuka chumba kwa vidole vya miguu, kama yuko kanisani. Akainama nyuma ya meza. Akachomoa.

Taa ya kijani ya Jiko ikazimika.

Akaukunja waya vizuri. Akauweka juu ya kiti. Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Nilikuwa macho. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Ningesema neno moja, lolote, hata kukohoa. Nililala pale kama gunia. Nikasikia mlango wa nje, ufunguo, lifti.

Sikuamka kulichomeka. Nilitaka kuona. Mchana akarudi, akaingia tena (nilikuwa nimejificha chooni, nikichungulia kwa mlango uliofunguka kidogo), akalichomeka, akaangalia taa ya kijani ikawaka, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Anarudisha kila kitu alivyokikuta. Ndiyo maana sikujua.

Kila siku ya kazi, tangu shule ifunguliwe. Mimi natundika kanga, nabomoa povu, nalaani jua. Kumbe Jiko langu linazimwa kila siku na mtu mwenye adabu.

Ijumaa, 31 Januari

Chakula cha jioni. Nimejiambia: baada ya mboga, nasema. Mboga zikaisha. Baada ya chai, basi.

"Neema, ulisha kula?" aliniuliza Papa Ilunga, sahani yangu ikiwa tupu mbele yake. Ni salamu tu, anatafuta neno la kuniambia.

"Ndiyo."

Ndiyo! Hilo ndilo nililosema.

Siendi klabu leo. Wim ataniuliza naendeleaje.

Jumamosi, 1 Februari

Nimetunga sentensi kwa Kifaransa. Inasikika kama barua ya mwenye nyumba. Nimetunga kwa Kiswahili. "Naomba usichomoe kifaa kilichopo chumbani kwangu." Inasikika kama tangazo la shirika la umeme.

Nimwambie mama? Mama atazima televisheni, ataita kikao, atatukalisha wote wawili kwenye sofa. Hapana. Hapana kabisa.

Karatasi juu ya plagi? Atajua kwamba najua anaingia. Ataona aibu. Sitaki aone aibu, nataka tu asichomoe.

Siwezi kukaa. Nimepanga vitabu kwa urefu. Nimevipanga tena kwa rangi.

Jumapili, 2 Februari

Nina jibu. Betri.

Betri ikiwa kati ya ukuta na Jiko, achomoe anavyotaka. Umeme wa ukutani ukikatika, betri inashika. Hatajua, sitasema. Nimechora mchoro. Mzuri mno. Nimecheka peke yangu.

(Najua. Najenga mtambo mzima ili nisiseme sentensi moja. Najua.)

Jumatatu, 3 Februari

Duka la kutengeneza simu, mtaa wa Matonge. Tonton, mzee wa dukani, alikuwa na betri nzito ya king'ora cha wizi, ya mtumba.

"Betri ya nini, mwana?"

Niliogopa maelezo marefu. "Ya jiko."

"Jiko ya betri!" Akamgeukia mteja aliyekaa kwenye stuli. "Vieux, umesikia? Hii Ulaya itatumaliza."

Nikacheka. Kwa sauti. Na mtu nisiyemjua. Halafu nikakimbia.

Betri iko chini ya kitanda. Waya nimeupitisha nyuma ya kabati.

Jumanne, 4 Februari

Nimerudi kutoka shule mbio, ngazi zote kwa miguu.

Mstari umenyooka!

Jumatano, 5 Februari

Umenyooka.

Sasa nalinganisha na kituo cha Ujerumani kinachotangaza saa kwa mawimbi marefu, nijue Jiko liko mbele au nyuma kiasi gani. Kipokezi changu ni cha bei ya kutupa na lifti ya jengo inakipigia kelele. Siku moja haitoshi. Nahitaji Jiko lililotulia siku kadhaa ndipo wastani uwe na maana. Mpaka Jumapili inatosha. Inatosha kabisa.

Nimegeuza bisibisi mpaka uchovu. Kidogo kulia. Kidogo kushoto. Pumua.

Alhamisi, 6 Februari

Umenyooka. Nampenda kila mtu. Nimekaribia kumwambia Papa Ilunga asante ya povu. Kesho.

Betri ina uvuguvugu kidogo. Nadhani ni kawaida.

Ijumaa, 7 Februari

Mwandiko mbaya leo.

Nimefika, mlango wa chumba changu uko wazi. Papa Ilunga amekaa kwenye kiti cha jikoni, katikati ya korido, amevaa sare ya kazi. Hakwenda kazini. Yeye, ambaye hajawahi kuchelewa. Ndoo ya maji pembeni yake. Betri iko nje kwenye balkoni, juu ya kigae, peke yake kama mbwa aliyefukuzwa. Waya wote umetolewa.

Jiko lilikuwa la baridi. Nililishika. La baridi kama kijiko.

Nikapiga kelele. Mimi. "Nani kakuambia uguse? Nani kakuambia? Kila siku unaingia unazima, kila siku, nakuona! Kesho kutwa napima, wewe umeua kila kitu!"

Wewe. Nilimwambia wewe, kwa sauti ile, mtu mzima. Chini dukani nadhani walisikia.

Hakunyanyuka. Mama akaingia wakati huo na mifuko yake, akasimama mlangoni mdomo wazi.

Akaongea polepole, akiangalia ndoo. "Nilitoa prise, leo tu nikaona taa inabakia inawaka. Nikasema, apa kuko kitu. Nikafuata waya." Akaisogeza ndoo kidogo. Halafu: "Kwetu, yaya yangu, mukubwa yangu, alikuwa anachajia batu mabatri. Chini ya kitanda. Courant ikakatika, ikarudia na nguvu. Nyumba ikawaka. Batu bote balitoka. Maman akarudia ndani kutafuta nguo za batoto. Mikono yake haikupona tena."

Mama hakuwa anajua. Niliona usoni mwake kwamba hakuwa anajua.

"Alors," akasema, "nione waya chini ya kitanda ya mutoto, niende kazi? Apana."

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Sijalia. Sawa, nimelia.

Alikaa pale tangu asubuhi. Na ndoo.

Jumamosi, 8 Februari

Nimelichomeka Jiko jana jioni, ukutani moja kwa moja. Halijanyooka; safari hii lilipoa siku nzima, si saa chache. Halitanyooka kufikia kesho.

Asubuhi akabisha hodi. Mara ya kwanza. Akabaki kizingitini, mikono nyuma.

"Ile kintu inafanyaka nini?"

Nikamwambia. Sijui ilitoka wapi, lakini ilitoka. Fuwele, joto, kwa nini lisizimwe, mlio wa kesho, kituo cha Ujerumani, kilele cha mstari. Nilichanganya lugha zote, nikasema courant, nikasema le four, sikumsahihisha mtu na hakuna aliyenisahihisha. Alisikiliza kama anavyosikiliza abiria aliyepotea, kichwa pembeni.

"Donc ni kama moteur diesel," akasema mwishoni. "Asubuhi ya baridi, usiiombe kitu."

Hasa. Hasa hivyo.

"Na miye nilikuwa nazima moteur kila siku."

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Akajishika kichwa. Halafu akacheka, na mimi nikacheka, na nikasema samahani ya jana, haraka, katikati ya kicheko ili isionekane sana. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

Mchana akatoka, akarudi na multiprise nene ya kijivu, soketi ya matundu mengi yenye parafoudre ndani. Courant ikija na nguvu, inakata yenyewe. Akaipigilia ukutani, akasoma maandishi ya nyuma mara mbili, akaninusisha plastiki yake. "Hii njo kitu." Jiko likahama soketi kwa sekunde mbili tatu. Nilifumba macho.

Sikusema asante ya povu. Nimesema ya multiprise. Ahesabu zote humo.

Jumapili, 9 Februari

Alikuwa na zamu. Kabla ya kutoka nilisikia mzunguko wake: televisheni, birika, mikrowevu. Mlango wangu hakuugusa.

Nilikuwa nimekaa mezani saa nzima kabla ya wakati. Mguu wa kushoto unakimbia peke yake. Nimeng'oa lebo yote ya chupa ya maji.

Kwanza jina la klabu kwa mapigo ya Morse. Halafu mlio. Mrefu, safi, haupandi haushuki. Monsieur Lucien mzima amekuwa filimbi. Nikaoanisha mlio niliotengeneza mimi na wake mpaka ikaanza kupigana, wau, wau, wau, polepole, polepole zaidi. Hapo ndipo unasoma.

Namba ya Mashine ina tarakimu nyingi. Mbili za mwisho zilikuwa zinacheza. Nilitaka kuzishika kwa mkono.

Na Jiko bado linapanda. Kidogo, lakini linapanda. Nilijua nasoma uongo, sikujua uongo wa kiasi gani. Nimekata kwa kukadiria. Nimeandika. Nimetuma namba kabla sijabadili mawazo.

Kama lingekuwa limewaka wiki nzima. Kama. Nimezunguka meza.

Alhamisi, 13 Februari

Sili. Nimetunga sentensi. "Mon erreur vient de la température." Kosa limetoka kwenye joto. Ya kweli na fupi. Hakuna atakayeuliza zaidi.

Mama amesema siendi Auderghem peke yangu usiku usiku. Papa Ilunga hana zamu kesho, atanipeleka. Nikasema si lazima. Mama akanitazama. Nikasema sawa.

Jumamosi, 15 Februari

Jana nilirudi nimechoka, sikuweza kuandika. Sasa.

Tulikwenda kwa basi. Alimsalimia dereva kama ndugu yake. Klabuni akakaa nyuma kabisa, kwenye kiti kidogo mno, koti limefungwa vifungo vyote. Akapewa kahawa.

Monsieur Lucien akaandika ubaoni masafa ya kweli. Kisha mmoja mmoja. Wim alikaribia sana, kosa lake karibu halionekani, akasema limetoka kwenye kebo. Watu wakapiga miayo. Bibi mmoja, nesi mstaafu, alisema kosa lake limetoka kwa paka aliyelala juu ya kipokezi. Bwana mwenye ndevu alikuwa wa mwisho kabisa kwa mbali: aligundua juzi kwamba alipima mlio wa chaja ya baiskeli yake mwenyewe. Alisimulia kwa fahari. Walimpigia makofi kuliko Wim.

Halafu: "Mademoiselle Neema."

Nikasimama. Nikasoma namba. Sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka. Monsieur Lucien akapiga hesabu: karibu nusu hertz. Wa pili kutoka mwisho.

"Na kosa limetoka wapi?"

Nilikuwa na sentensi yangu tayari. La température. Nilifungua mdomo na nikaona kwamba si kweli. Joto halikufanya kitu. Joto lilikuwa linafanya kazi yake.

"Mon père a débranché," nikasema. Baba amechomoa.

Wakacheka. Wote, ukumbi mzima. Bwana mwenye ndevu akasema kwake ni mke. Nesi akasema kwake ni mama mkwe. Ikawa kelele, kila mtu na aliyemchomolea. Monsieur Lucien akapiga meza, akaandika ubaoni mbele ya jina langu kwa herufi kubwa: LE PÈRE. Akasema hilo ndilo kosa linaloeleweka kuliko yote ya jioni hii, na mwaka kesho atanirekebishia kipokezi cha mawimbi marefu.

Sikugeuka nyuma. Sikuthubutu. Nilikaa, nikaangalia mikono yangu.

Mon père. Hakuna aliyeuliza kwa nini nimesema hivyo. Kwao ni neno la kawaida.

Kwenye basi la kurudi alikaa karibu na mbele mpaka Matonge ikakaribia. Anatazama dereva anavyokata kona.

"Donc mbele ya bazungu bote, ni miye."

"Ndiyo."

"Hm." Akafungua kifungo cha koti. "Ungebaambia na juu ya parafoudre. Wajue pia nilitengeneza."

"Mwaka kesho."

"Mwaka kesho," akasema. Akabonyeza kitufe cha kushuka kituo kimoja mapema, akajisahau, tukatembea.

Jumapili, 16 Februari

Mvua ndogo. Mama bado amelala.

Papa Ilunga ana zamu leo. Nimesikia mzunguko. Televisheni. Birika. Mikrowevu. Taa ya sebuleni. Viatu vikaja mpaka mlangoni kwangu, vikasimama. Hodi.

"Neema. Iko inawaka?"

Nikaangalia. Kijani.

"Inawaka, papa."

"Bon."

Ufunguo. Lifti.

Mstari umenyooka. Nimeutazama kidogo, halafu nimefunga kompyuta.